Mgeni Aliyeuliza Kodi

Asubuhi Deodatus alipoingia soko la Nyegezi kwa mara ya kwanza, wauza nafaka walifunika sado zao, vile vindoo vya kupimia, kwa khanga. Walikuwa na sababu. Kijana mrefu, shati jeupe lililonyooka kwa pasi, kitambulisho kinaning'inia shingoni, kishikwambi mkono mmoja na mzani mdogo mkono wa pili. Mtu wa aina hiyo hajaja sokoni kununua. Selina wa maharage ndiye aliyenong'ona kwamba watu wa vipimo wameingia, na kufumba na kufumbua, kila sado iliyobonyezwa kitako ikawa imejificha chini ya meza.

Odeta Nkwabi hakuficha chochote. Sado yake ilikuwa nzima, na hata kama ingebonyezwa, mdomo wa kuitetea alikuwa nao. Alikuwa binti wa Magu, mweusi wa kung'aa, amevaa gauni la kitenge cha manjano na aproni yenye mifuko mikubwa, na mchele wake ulitoka kwao moja kwa moja bila kupitia kwa mlanguzi.

Kijana akauliza kilo ya supa, mchele wa daraja la kwanza, inauzwaje. Akatajiwa, akaandika. Akauliza wa daraja la pili. Akatajiwa, akaandika. Akaomba aipime sado, akaipima, akaandika, akashukuru vizuri kabisa kama mtoto wa misheni, kisha akageuka aende zake.

"Kaka," Odeta akamwita. "Umeuliza mpaka bei ya mfuko. Hununui?"

Deodatus akarudi, masikio yakimwaka moto. Akaeleza kwamba yeye ni wa ofisi ya takwimu. Kila mwezi anazunguka kwa wauzaji walewale, anauliza bei za vitu vilevile, ili nchi ijue mfumuko wa bei umefika wapi. Kwa hiyo mwezi ujao atakuja tena, hapahapa mezani kwake.

"Kuuliza na kuondoka?"

"Ndiyo utaratibu, dada."

"Huo utaratibu wa ofisini kwenu. Mezani kwangu anayeuliza ananunua."

Akanunua kilo mbili, yeye Mhaya wa Muleba aliyelelewa kwa ndizi na asiyejua mchele unatiwa maji kiasi gani. Ilibidi siku mbili baadaye arudi kuulizia upishi. Halafu akarudi kuelezea jinsi ulivyoungua. Wiki haikuisha kabla Selina hajampa jina la Bwana Bei, na Odeta, ambaye alijidai hajali, alianza kujipaka mafuta mazuri asubuhi.

Basi wakapendana, wala sitawachosha kwa kueleza ilikuwaje, maana kila mtu sokoni aliona. Niseme tu kwamba Deodatus alikuwa mpole, mkweli, na mwenye ugonjwa mmoja. Hakuweza kuona kitu asiulize bei yake. Harusini aliuliza bei ya keki. Msibani, Mungu amsamehe, aliuliza bei ya jeneza. Hakuwa na nia mbaya, ni kazi tu iliyomwingia damuni. Odeta alicheka sana, akidhani ugonjwa huo hauna madhara.

Jumapili moja walikwenda kula sato ufukweni, kwenye kibanda kilicho kati ya mawe makubwa, mahali ambapo maji ya ziwa yanapiga taratibu na ndege weupe wanasubiri mifupa. Odeta alivaa gauni jipya la bluu bahari na hereni kubwa za duara. Deodatus alimsifia mpaka akaishiwa maneno, kisha, kwa vile maneno yaliyobaki yalikuwa ya kazini, akamwambia kwamba mfumuko wa bei mwezi huo umetangazwa redioni. Asilimia tatu na kitu, akasema kwa fahari, kana kwamba ni mtoto wake amefaulu mtihani.

Odeta aliweka chini kipande cha samaki. "Hiyo asilimia tatu inakaa mtaa gani, mpenzi, nihamie?"

"Usicheke. Ni kapu. Tunaweka humo kila anachonunua Mtanzania: unga, mafuta, nauli, sabuni, kodi ya nyumba. Kila kitu kina uzito wake."

"Na kodi ina uzito gani?"

"Mdogo. Maana watu wengi wa nchi hii wanalala kwenye nyumba zao wenyewe. Baba yako kule Magu analipa kodi?"

"Halipi."

"Basi na yeye yumo kwenye kapu."

"Kwa hiyo mimi nalipa kodi ya Nyegezi," Odeta akasema, "wewe unanigawia usingizi wa baba yangu."

Wakacheka wote wawili, mpaka mwenye kibanda akageuka kuwatazama. Lakini kicheko kilipoisha, Odeta alisema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alisema kwamba kodi yake anatakiwa kuilipa ya miezi sita kwa mkupuo, na kila siku hiyo inapokaribia, chakula hakimpiti kooni. Watu wa ofisini wanahesabu kodi kama kitu kimoja kati ya vingi, lakini yeye anaitoa kwanza, halafu ndiyo anaishi kwa kinachobaki. Bei ya sukari ikipanda, anaweza kunywa chai kavu. Kodi ikipanda, hakuna nusu chumba.

Deodatus alikaa kwa baba yake mdogo, mtaa wa Pasiansi, nyumba yenye geti na mti wa parachichi, na tangu azaliwe hajawahi kulipa kodi hata ya mwezi mmoja. Aliona aibu kidogo, akamshika mkono.

Jumamosi iliyofuata alialikwa kwa Odeta kula. Alitoka kazini moja kwa moja, kitambulisho kingali shingoni, kishikwambi kwapani, na mkononi papai kubwa la kumpa mwenyeji. Odeta alikuwa ndani anamalizia kujiandaa. Queen, mwanafunzi wa chuo aliyepanga chumba cha pili, akamtolea mgeni kiti uani, akaendelea kufua.

Mwenye nyumba, Mama Eugenia, alikuwa hapo kibarazani anachambua maharage. Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane kutoka Bukoba, mwanamke wa miwani na msimamo, aliyejenga vile vyumba kwa kiinua mgongo chake, tofali kwa tofali. Deodatus akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Hapo mtu mwingine angeulizia afya, au mvua. Deodatus aliinua macho, akaitazama ile safu ya milango, na ule ugonjwa ukampanda. "Vyumba vizuri, mama. Viko vingapi? Kimoja kinapangishwa shilingi ngapi?"

Mama Eugenia alimtazama usoni. Kisha akatazama kitambulisho chenye nembo ya serikali. Kisha kishikwambi. Maharage yakamponyoka mkononi. Tangu aanze kupangisha, hakuwahi kupeleka chochote kwa watu wa mapato, akijiambia kila mwaka kwamba mwaka ujao atakwenda. Na leo wamemfuata mwenyewe, wamekaa uani kwake, wameshika papai.

"Vyumba vya watoto tu hivi," akasema, akaingia ndani na kufunga mlango kwa komeo.

Deodatus hakuona ajabu yoyote. Odeta alitoka amependeza, wakala pilau, wakataniana, na jioni alipoondoka alikuwa amesahau kabisa kwamba kuna kitu aliuliza. Lakini Mama Eugenia hakusahau. Alijua nani kamleta yule mtu, na akajua kwa nini: Odeta kamchongea. Saruji imepanda, choo kimejaa mara mbili mwaka huo na gari la kunyonya si la bure, na sasa huyu binti aliyemkaribisha kwa moyo mweupe anamletea serikali uani. Basi aondoke. Kumfukuza mtu ni kesi, lakini kupandisha kodi ni biashara.

Akamwita Jumatatu. Mwezi utakapoisha, kodi inapanda kwa nusu nzima, na anaitaka ya miezi sita yote mkononi. Odeta alidhani amesikia vibaya. Akauliza kosa lake ni nini.

"Ukiona nakuonea, muulize mgeni wako," Mama Eugenia akasema. "Yeye ndiye anayejua bei za watu."

Odeta alitoka pale akaenda kwa Queen. Queen, bila ubaya wowote, akamsimulia kwamba kweli yule kaka aliuliza kodi siku ile, aliuliza mpaka idadi ya vyumba. Odeta akajumlisha. Deo anazijua kodi za mji mzima. Deo ameona yake iko chini. Deo, kwa kutaka kujionesha kwa mama wa kwao Kagera, akamwambia kwamba anajipunja. Hesabu ikatoka, na ilikuwa mbovu kuanzia mstari wa kwanza, lakini mtu mwenye uchungu hakagui hesabu.

Alimtumia ujumbe mmoja: asimpigie tena.

Deodatus wakati huo alikuwa ng'ambo ya ziwa, wilaya ya Sengerema, kwa kazi ya wiki kadhaa. Ujumbe ulimkuta akiwa kwenye foleni ya chakula, akaiacha palepale. Alipiga, ikaita mpaka ikakatika. Alipiga tena na tena, siku baada ya siku. Mara moja tu ilipokelewa, naye alikuwa Kamanga, kivuko kinapiga honi nyuma yake, ikambidi aingie kwenye kona ya kibanda cha tiketi ili asikie.

"Odeta, mama, nimekukosea nini?"

"Mtu anayejua bei ya kila kitu hawezi kukosa kujua hilo."

"Sijui. Nakuapia sijui. Niambie basi."

"Nipo kazini, Deo. Nina wateja." Akakata. Hakuwa na mteja hata mmoja. Alikaa akiutazama mchele wake, machozi yakimtiririka, na Selina akajifanya anatafuta kitu chini ya gunia.

Kila siku baada ya kazi Odeta alitafuta chumba kingine. Dalali alimzungusha Nyegezi yote mpaka Buhongwa, akimtoza kila alipomwonesha mlango. Penye maji hapana umeme, penye umeme choo kiko kwa jirani, na kote ni miezi sita mbele na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Mtaji wake ulikuwa kwenye magunia. Akiutoa kulipia chumba, atakuwa na pa kulala na hana cha kuuza. Hatimaye alimpigia kaka yake, Antoni, aje na gari siku ya mwisho wa mwezi ambebe na mizigo yake. Miaka yote aliyojenga jina lake pale sokoni, meza yake ya pembeni, wateja wanaomjua kwa sauti, vyote vilikuwa vinakwenda kwa sababu ya mlango mmoja na kitasa chake. Alifunga godoro kwa kamba na kuziweka sufuria kwenye kiroba, siku chache kabla ya muda, kwa hasira tu.

Ikafika siku ya bei. Ofisi ya takwimu haijali nani kagombana na nani; muuzaji ni yuleyule, bidhaa ni ileile. Deodatus alikuwa amerudi mjini usiku uliopita, na asubuhi akasimama mbele ya meza ya Odeta na kishikwambi chake, amekonda, shati halijapigwa pasi.

"Habari za asubuhi, dada. Supa, kilo."

"Ileile."

"Daraja la pili?"

"Ileile."

"Sado?"

"Ileile. Na mwezi ujao hutanikuta. Meza hii inakuwa ya Selina. Andika hivyo."

Kidole cha Deodatus kikasimama hewani. "Unakwenda wapi?"

"Magu. Nitalala bure kwa baba, kapu lako lipungue uzito." Kwa vile alichukia kulia mbele yake, akaamua kukasirika. "Kodi yangu ilikuuma nini, Deo? Uliona nalipa kidogo, ukaona umwambie mwenye nyumba?"

"Mimi?"

"Kodi imepanda kwa nusu. Amenituma nikuulize wewe."

Deodatus aliweka kishikwambi juu ya mchele. Akamwambia taratibu, akimtazama machoni, kwamba bei ya mtu anayoiandika mle haruhusiwi kuitoa hata kwa mama yake mzazi, amekula kiapo, na hajawahi kukivunja. "Lakini kuuliza niliuliza, Odeta. Nilikaa uani kwa watu nikauliza kodi kama mjinga. Hilo ni langu na ninaliomba msamaha. Kusema sikusema."

Odeta akamtazama. Angekuwa muongo, angekana hata kuuliza. Hapo akamwamini, ingawa bado hakuelewa chochote. Aliyeelewa ni Selina, aliyekuwa ametega sikio muda wote huo.

"Siku hiyo ulikuwa umevaa hicho kitu shingoni?" akauliza.

"Nilikuwa nacho."

"Shemeji yangu, siku ya kwanza sisi wenyewe tulificha sado. Huyo mama wa watu ulitegemea afiche nini?"

Wakaelewa wote watatu. Deodatus alitaka wakodi usafiri waende kwa Mama Eugenia muda huohuo, tena akasema kwamba ikishindikana atailipa ile kodi yeye mwenyewe. Odeta akakataa. Akasema akilipiwa chumba leo na mwanaume ambaye hajafika kwao, kesho atakosa la kuwajibu ndugu zake. Twende, akasema, lakini nikishafunga biashara yangu. Ikabidi asubiri mpaka jioni, amekaa juu ya gunia, akifungasha mchele kwa mikono ya mtu wa ofisini.

Jua lilikuwa bado juu ya ziwa walipoingia uani. Mama Eugenia alikuwa anaanua nguo. Alimwona Odeta, akaona nyuma yake ule mwili mrefu, kile kitambulisho, na kile kishikwambi, akajua siku yake imefika. Hakusubiri hata shikamoo.

"Baba yangu, kabla hujaandika," akasema, shuka likiwa bado begani, "hapa hakuna mpangaji. Hii ni familia. Yule Queen pale ni mjukuu wangu. Na huyu," akamshika Odeta mkono na kumvutia kwake, "huyu ni mtoto wa kaka yangu, toka nitoke. Nimemlea mwenyewe. Anakaa bure."

Queen aliingiza uso wote kwenye khanga.

"Mtoto wa kaka yako," Deodatus akarudia kwa heshima. "Nkwabi ni jina la Bukoba?"

"Hilo ni jina la kipaimara."

Deodatus angecheka, lakini aliona yule mama anavyomng'ang'ania Odeta mkono. Akavua kitambulisho, akampa kwa mikono miwili, akamwomba akisome mwenyewe. Mama Eugenia alipandisha miwani. Alisoma kwa sauti, polepole, kama alivyowahi kuwasomesha watoto wa darasa la kwanza, na alipofika kwenye lile neno alilisoma mara mbili.

"Takwimu."

"Takwimu, mama. Nauliza bei tu. Sina mamlaka hata ya kukukatia risiti. Na siku ile hata kazini sikuwa, nilikuja kula. Niliuliza kwa mazoea mabaya, unisamehe."

Mama Eugenia alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akashusha pumzi ndefu, na wote wakasikia ilivyomtoka. Wiki zote hizo alikuwa anashtuka kila geti linapogongwa. Akaeleza yote bila kuulizwa: saruji, choo, fundi wa paa aliyepandisha bei mara mbili. "Redio inasema bei zimetulia," akasema. "Fundi wangu hana redio." Kisha akamgeukia Odeta, na ule ualimu wote ukamwisha usoni. Akamwambia amemdhania vibaya na amemtesa bure, kodi ibaki ilivyokuwa, na akipata ya miezi mitatu alete ya miezi mitatu. Na yeye mwenyewe kesho atakwenda kwa watu wa mapato kwa miguu yake, kwa sababu heri ulipe kuliko kuishi na moyo wa mwizi kwenye nyumba yako.

Odeta alilia palepale katikati ya kamba za nguo, kilio kizuri cha mtu aliyetua mzigo, na Mama Eugenia akamfuta machozi kwa lile shuka safi.

Deodatus akasubiri mpaka walipotulia, kisha akakohoa.

"Mama, umesema mbele ya watu kwamba huyu ni mtoto wa kaka yako."

"Nilisema kwa woga, baba."

"Mimi nimelipokea kama lilivyosemwa. Muda wote huu nilikuwa naumiza kichwa, barua ya posa niipitishie kwa nani hapa mjini kabla ya kufika Magu. Nikiileta kwako utaipokea?"

Mama Eugenia alinyoosha mgongo. Hofu ilikuwa imekwisha, na mahali pake pakaingia kitu kingine ambacho wanawake wa umri wake wanakijua vizuri. "Shangazi haombwi kwa mdomo mtupu," akasema. "Na kwanza umemuuliza mwenyewe?"

Deodatus akageuka. Odeta alikuwa ameinamia ncha ya kitenge chake, pua imelowa, macho yamevimba, na kwa Deodatus hakuwahi kuwa mzuri kama dakika ile.

"Odeta, nakuuliza. Utanioa?" Ulimi ulimteleza kwa woga, akajisahihisha, na Queen akaangua kicheko kabisa. "Utakubali nikuoe?"

"Pasiansi kwa baba yako mdogo siendi," Odeta akasema. "Utapanga chumba na utalipa kodi kama sisi wengine, miezi sita mbele, ujue inavyouma."

"Nitapanga."

"Basi lete hiyo barua."

Simu ya Odeta ikaita mfukoni mwa aproni. Ilikuwa Antoni, anataka kujua gari la mizigo lifike saa ngapi. Odeta aliingia nayo chumbani, akaketi juu ya godoro lililofungwa, akamwambia asije na gari. Chumba kipo. Ila awaambie wazee wajiandae, kuna barua inakuja.

Antoni akauliza barua gani, na inatoka kwa nani.

"Itapitia kwa shangazi," Odeta akasema.

"Shangazi yupi?"

"Wa Bukoba," akajibu, na kwa mkono wake ulio huru akaanza kufungua kamba ya godoro.